Vitu Avipendavyo Mama wa Buddu

Msafiri atokaye Kampala kwenda Masaka ana safari ya kilomita zipatazo 130. Huvuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, ambapo wageni hushuka garini wakapigwa picha, mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini. Kisha huteremka katika mabwawa ya Lwera yenye mafunjo marefu, na hatimaye hufika Lukaya, mji ambao wachuuzi wake hulikimbilia kila basi wakiwa na mishikaki ya nyama na gonja za kuchoma mikononi. Baada ya Lukaya nchi huinuka. Vilima huja kimoja baada ya kingine, na juu ya vilima vingi kuna kanisa, chini ya kanisa kuna shule, na chini ya shule kuna migomba mpaka bondeni. Hiyo ndiyo Buddu.

Wasomaji wengi, hasa wale waliovaa sare, wanaijua Buddu kwa habari za vita. Daraja la Katonga, mapigano ya Lukaya ya Machi 1979, mji wa Masaka uliobomolewa mwaka huo huo, kambi ya Masaka iliyozingirwa mwishoni mwa 1985: hayo yamekwisha kusimuliwa na wanaume, na bila shaka yatasimuliwa tena. Lisilosimuliwa sana ni jinsi nyumba za nchi hii zilivyosimama upya baada ya kila balaa. Mwenye kutaka kulijua hilo hana budi kuiacha barabara kuu, afuate njia ya udongo mwekundu hadi uani kwa mama wa Kikatoliki, atazame ni vitu gani mama huyo avipendavyo katika maisha yake ya kila siku, na kwa nini avipende hivyo na si vingine.

Ukatoliki wa Buddu ulianza kwa watu waliokuwa wakikimbia. Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans, walitia nanga Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Lakini mwezi wa Januari 1892 Wakatoliki walishindwa katika vita vya Mengo, wakafukuzwa mji mkuu, na katika mapatano yaliyofuata wakapewa Buddu iwe nchi yao. Familia nzima nzima zilikwenda huko kwa miguu, kila moja na kile ilichoweza kubeba kichwani. Hapo ndipo ilipokua misheni ya Villa Maria, ambako mwaka 1913 walipadrishwa mapadri wawili wa kwanza wazalendo wa Uganda, Bazilio Lumu na Victoro Mukasa. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka akafanywa askofu huko Masaka, Mwafrika wa kwanza kusini mwa Sahara kupata daraja hilo katika Kanisa Katoliki la nyakati hizi. Habari hizo kila mtoto wa Buddu huzipata shuleni. Lakini tabia ya kupenda vitu vinavyobebeka na vinavyodumu, hiyo huipata nyumbani kwa mama yake.

Kitu cha kwanza kimetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa chumba, nacho ni rozari. Waganda huiita ssapule, na neno hilo limetokana na lugha ya Kifaransa, kwa kuwa mapadri wa kwanza walikuwa Wafaransa. Jina la Bikira nalo, ambalo Mama wa Yesu huitwa katika sala za Kiganda, lilipanda kutoka pwani pamoja na Kiswahili, hata watawa wa kike walioanzia Villa Maria wakaitwa Bannabikira. Hivyo mama wa Buddu aliyepiga magoti jioni hutumia maneno ya nchi tatu kwa pumzi moja, wala hana habari.

Rozari yenyewe haina thamani dukani. Nyingine ni ya plastiki. Nyingine imetungwa kwa mbegu ngumu za kijivu za nyasi ya bondeni, ambazo huota zikiwa tayari na tundu katikati, kana kwamba zilikusudiwa uzi. Inapendwa kwa kazi yake. Saa mbili za usiku, chakula kikiwa bado motoni, ndiyo saa pekee ambapo watu wote wa nyumba huwa mahali pamoja na mikono mitupu. Mtoto mkubwa huongoza fungu la kwanza, anayemfuatia la pili, na mdogo aliyejifunza Salamu Maria juzi hupewa zamu yake hata akikosea. Mama husikiliza sala, lakini husikiliza na mambo mengine pia: nani ana kikohozi, nani sauti yake ina kinyongo, nani hayupo. Kufika fungu la nne, wadogo huwa wamelala. Katika mwezi wa Mei na mwezi wa Oktoba sala hii huhama nyumba kwa nyumba katika jumuiya ndogo, ambayo Waganda huiita kabondo, na hapo ndipo shida ya jirani hujulikana kabla jirani mwenyewe hajaitamka.

Chini ya magoti hayo kuna kitu cha pili, yaani mkeka. Kuhusu mkeka mama wa Buddu anaweza kusema mchana kutwa. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani hadi yawe meupe, kisha huchanwa chane nyembamba. Baadhi ya chane hutokoswa katika rangi ya unga inunuliwayo dukani, zambarau, kijani, nyekundu, nazo husukwa pamoja na zile nyeupe kuwa ukili mrefu ambao hukunjwa kama kamba, na ukili huo hushonwa mzunguko kwa mzunguko mpaka mkeka uenee sebule. Kazi hiyo haichukui siku maalumu. Mama husuka akingoja maji yachemke, akingoja mvua iishe, akingoja zamu yake katika zahanati. Ndiyo maana mkeka mmoja waweza kumaliza miezi miwili, na ndiyo maana mama aliyeuza mkeka wake kwa haraka ya ada ya shule huuzungumzia kwa huzuni kama mtu aliyeuza mbuzi mwenye mimba.

Mgeni wa heshima hupewa kiti. Mama na watoto huketi mkekani, na binti hupiga magoti papo hapo kumsalimu mgeni, "Kulikayo, ssebo." Haukanyagwi kwa viatu. Juu yake mtoto mchanga hulazwa, na mwanafunzi huandika hesabu zake akiwa amelala kifudifudi. Majirani hukesha juu yake palipo na msiba. Wake wa askari wa kambi ya Kasijjagirwa, ambao wengi wao ni wa makabila mengine, hutazama jambo hili kwa macho yao wenyewe. Amri ya uhamisho ikitoka, kabati haliingii lorini na kitanda huvunjika njiani, bali mkeka hukunjwa ukabebwa begani, na kule uendako chumba kitupu huwa nyumba mara tu unapotandikwa.

Kitu cha tatu ni kisu cha kumenyea ndizi, na pamoja na kisu hicho, shamba lenyewe lililo nyuma ya nyumba. Kwa desturi ya zamani kahawa ni ya baba na migomba ni ya mama. Fedha ya kahawa huja mara moja au mbili kwa mwaka, hupita mkononi mwa baba, na si siri kwamba nyingine hupotelea kilabuni kabla ya kufika nyumbani. Mgomba hauleti fedha nyingi, lakini mkungu upo leo, na wa wiki ijayo unaonekana. Kwa hiyo mama hulijua shamba lake shina kwa shina.

Wake wa kambini wasiozoea matoke mara nyingi huyachemsha kama viazi, kisha wakashangaa kwa nini hayana ladha. Mama wa Buddu hafanyi hivyo. Huyamenya mabichi, huyafunga katika majani ya mgomba yaliyolainishwa kwa moto, na bunda hilo hulikaza kwa kamba za magome ya mgomba huo huo. Chini ya sufuria hupanga vikonyo vya majani ili bunda lisiguse maji, hutia maji kiasi, hufunika kwa majani mengine tabaka juu ya tabaka, kisha huacha mvuke ufanye kazi. Baada ya saa moja na zaidi hulitoa bunda, hulikandamiza kwa mikono miwili juu ya majani yake mpaka ndizi ziwe laini na za manjano, akalirudisha juu ya moto mdogo. Mchuzi wa karanga, au nyama iliyofungwa peke yake katika jani lililokaushwa moshini, ambayo ni luwombo, huiva katika sufuria hiyo hiyo. Siku ya Jumapili upishi huu una faida moja ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha mapishi. Sufuria hutengwa alfajiri juu ya moto wa taratibu, binti mmoja huachwa kuulinda na kuongeza maji, na wale waliokwenda Misa ya kwanza wanaporudi, chakula kimeiva, naye binti huenda Misa ya pili.

Tangu mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba umeingia Uganda, nao hufanya ndizi ziive kabla ya wakati na kuoza ndani. Hupitia katika ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu, kwa nyuki na wadudu wengine, na hupitia vilevile katika kisu kilichotoka shina gonjwa. Hivyo mama mwenye busara hulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, bila kulikata, mara tu chane ya mwisho inapotokea. Kisu chake hukipitisha motoni kabla ya kuhamia shina lingine, wala hamwazimi mtu. Zamani kumnyima jirani kisu kulikuwa uchoyo. Siku hizi anayeazima kisu cha shambani ndiye anayetazamwa vibaya.

Ukutani kuna picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kuna picha ya Mashahidi wa Uganda, ambao ishirini na wawili wao wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, na mara nyingi kuna picha ya Kabaka pia. Nyuma ya picha moja limechomekwa kuti lililobarikiwa Jumapili ya Matawi, likavu kabisa, likingoja kurudishwa kanisani mwaka ujao lichomwe liwe majivu ya Kwaresima. Mama hulipangusa vumbi pamoja na picha.

Kuhusu nguo, inatosha kusema kwamba gomesi ya siku kuu hukunjwa vizuri kuliko hati za serikali. Mishono yake, mabega yaliyosimama, mshipi mpana na fundo lake, yasemekana ilianzia kwa fundi mmoja Mgoa aliyeitwa Gomes mwanzoni mwa karne ya ishirini, na jina lake likabaki katika nguo. Katika Buddu gomesi ina uhusiano na wadudu. Mwezi wa Novemba, mvua zinapokolea, senene huteremka usiku kwa maelfu, na Masaka ndiyo sifa yake. Taa kali huwashwa, mabati husimamishwa, na mapipa hupangwa chini ili senene wateleze ndani. Zamani wanawake ndio waliookota senene alfajiri katika nyasi, wakawang'oa mabawa na miguu, wakawakaanga kwa chumvi na vitunguu, wakawapelekea waume zao, ilhali wao wenyewe mila iliwakataza kuwaonja. Mume naye alipaswa kulipa kwa gomesi mpya. Mwiko wa kula umekwisha, na hakuna mama anayeulilia, lakini ule wa gomesi akina mama wengi wanaukumbusha bado kila Novemba, wengine kwa utani na wengine bila utani.

Sasa yafaa kuingia chumbani, kwa maana kitu kinachopendwa kuliko vyote hakionekani na mgeni. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati, lile lile ambalo mwanafunzi wa bweni hununuliwa, na ndani yake chini ya gomesi kuna bahasha. Bahasha hiyo ina kadi za ubatizo za watoto wote, hata wa wale waliokufa. Ina kadi za chanjo, vyeti vya shule, karatasi ya kibanja iliyotiwa sahihi na majirani wa mipakani. Na ina cheti cha ndoa chenye muhuri wa parokia.

Kadi ya ubatizo ni karatasi ndogo, lakini imeandikwa tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, jina la msimamizi na namba ya ukurasa katika daftari kubwa la parokia. Wazee wengi wasio na cheti cha kuzaliwa waliitumia kuonyesha umri wao, na uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulipofanywa mwaka 2014, masanduku mengi ya bati yalifunguliwa. Kadi ikipotea, daftari halipotei. Katekista wa kigango hujua ni mwaka gani na ukurasa gani wa kuanzia kutafuta.

Cheti cha ndoa ni jambo zito zaidi. Katika miaka ya 1980, baada ya wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kuonekana Kasensero, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa Buddu, mwaka 1982, nyumba nyingi za nchi hii zilipoteza baba, kisha mama, kisha nyanya akaachwa na wajukuu mkekani. Wahudumu wa Kitovu walianza mwaka 1987 kuwafuata wagonjwa vijijini kwao, na hapo walikuta pamoja na ugonjwa taabu nyingine ambayo haikuwa na dawa hospitalini. Mume alipozikwa, amefunikwa kwa lubugo, nguo ile ya magome ya mtuba ambayo ndiyo sanda ya Waganda, ndugu zake walikaa kikao. Mrithi alitawazwa. Na mjane ambaye alikuwa amelima kibanja kile miaka kumi na mitano aliulizwa: "Wewe nyabo, ulikuja hapa kwa karatasi gani?"

Waliokuwa na karatasi waliitoa. Waliokuwa hawana, wengi walirudi kwao na watoto, au bila watoto. Ni kweli kwamba ndoa ya kimila inatambuliwa na sheria za Uganda, lakini yatakiwa iandikishwe, na walio wengi hawaiandikishi. Ni kweli pia kwamba kanisani mlango ulikuwa wazi, ila wanaume waliogopa gharama ya karamu: ng'ombe, hema, keki, sare za wasimamizi. Mume na mke wakaishi miaka ishirini, wakazaa watoto saba, mama akiwa hapokei Komunyo, baba akisema "mwaka ujao kahawa ikipanda bei". Mapadri wa parokia wameshughulika na jambo hilo kwa njia nyepesi na ya akili. Huwaita watu wa namna hiyo kumi au ishirini, huwafungisha ndoa siku moja katika Misa moja, na karamu huwa moja kwa wote. Bibi arusi aweza kuwa na wajukuu. Vijana hucheka, lakini bibi arusi mwenyewe hachekelei, kwa kuwa anajua kitakachoingia sandukuni jioni ile.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, humkataza mtu kuuza ardhi ambayo familia hukaa juu yake na kuipatia riziki bila idhini ya mwenzi wake wa ndoa. Sheria ya Urithi ilirekebishwa mwaka 2022. Mtu akifa bila wasia, nyumba waliyokuwa wakiishi hubaki makao ya mjane na watoto, na mali iliyosalia hugawanywa: asilimia 20 kwa mjane, ambaye zamani alipata 15, asilimia 75 kwa watoto, 4 kwa wategemezi wengine, na 1 kwa mrithi wa kimila. Wake wa askari na wa polisi, ambao waume zao wanaweza kuitwa usiku wasirudi, wanafahamu vema kuliko wengine kwamba karani wa mafao haulizi mlipendana kiasi gani. Huuliza cheti. Mama wa Buddu alilijifunza hilo kwa njia ngumu mno, na ndiyo sababu nyumba ikishika moto hukimbilia chini ya kitanda kabla ya kuokoa godoro, watoto wakiwa wamekwisha kutoka.

Vipo vitu vipya alivyovikaribisha bila ubishi. Taa ya jua, ambayo huwekwa paani mchana na kuletwa ndani usiku, imeondoa moshi wa koroboi katika madaftari ya watoto. Simu ya mkononi huleta fedha kutoka kwa mwana aliye Kampala bila kupitia mkononi mwa mjomba. Redio huwashwa tangu asubuhi kwa sala, na baadaye kwa matangazo ya vifo, ambayo katika Buganda husikilizwa kwa makini kuliko habari za dunia. Pipa la kukingia maji ya mvua kutoka paani, penye bati na mfereji, limewapunguzia mabinti safari ya kisimani jioni, safari ambayo ilikuwa na hatari zake ambazo kila mama anazijua.

Lakini katika vitu vipya hakuna kinachopita sanduku la pili. Hili halikai chini ya kitanda cha mtu mmoja maisha yote. Ni la chuma, limechongwa na fundi wa Nyendo, na lina kufuli tatu. Akina mama ishirini na tano au thelathini, wengi wao wa jumuiya moja ya sala ingawa Waprotestanti na Waislamu wa kijiji hawakatazwi, hukutana kila wiki chini ya mwembe wakaketi mkekani. Kila mmoja hutoa fungu lake la akiba mbele ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na mwenye shida hukopeshwa papo hapo kwa faida ndogo ambayo hurudi kwao wenyewe. Kisha sanduku hufungwa. Funguo tatu huenda na wanawake watatu wa nyumba tatu mbalimbali, na sanduku huenda na wa nne, hivyo hapana mume, hata awe mkali namna gani, awezaye kulifungua kwa kumtisha mkewe. Mume mmoja mmoja alilalamika mwanzoni. Baadaye wengi wao ndio waliowatuma wake zao kukopa fedha za kupalilia kahawa, jambo ambalo akina mama hulikumbuka wakiwa peke yao, na hulicheka.

Sanduku hilo hugawanywa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Desemba, kabla ya Noeli. Siku hiyo mkutano huanza kwa sala na huwa mrefu, maana kila hesabu husomwa mara mbili na asiyejua kusoma huletewa mwanawe amsomee. Fungu la kila mama hufungwa katika ncha ya leso. Nyama ya Noeli hutolewa humo, na gomesi, kama Novemba ilipita bila gomesi. Kilichobaki hupelekwa nyumbani, hutiwa katika bahasha ndani ya sanduku la bati, karibu na cheti cha ndoa, kikingoja shule zifunguliwe mwanzoni mwa Februari. Na jumuiya ikikutana tena Januari, kazi ya kwanza huwa ni kuwachagua wanawake watatu wapya wa kushika funguo.